Maziwa ya Kuku

Tecla, acha unachofanya. Wiston kaaibisha ukoo mzima leo.

Huyu huyu mwalimu anayesahihisha watu R na L mpaka msibani. Kuku kaanza kufuga juzi, kifaranga mmoja kalegea, akaenda kumuuliza bibi Mukandayisenga. Bibi akamwambia, "Dawa yake hapa Ntobeye ni adimu kama maziwa ya kuku."

Adimu, Tecla. Yaani haipatikani.

Yeye kapanda bodaboda hadi Ngara mjini, kifaranga kwenye mfuko wa shati, kaingia duka la dawa za mifugo mbele ya foleni nzima: "Naomba maziwa ya kuku."

MAZIWA. YA KUKU.

Niyokwizera, muuzaji, akadhani hakusikia vizuri. Wiston akaongeza, "Hata ya unga nitachukua."

Hata ya unga.

Niyokwizera akamjibu kwa upole, "Mwarimu, kuku hanyonyeshi."

Sasa sikia. Kifaranga anahema mfukoni, watu wameziba midomo, na Wiston anamnyooshea kijana wa watu kidole: "Sema mwalimu. Siyo mwarimu."

Akatoka kifua mbele. Dawa hakununua.