Kipimo cha Pumzi Juu ya Mafiga

Jumatatu, 8 Julai

Binti yangu Zawadi kapuliza kipimo, 270. Kijani, yaani salama. Nimeandika kwenye daftari la pumu, nimekiosha kipimo, nimekirudisha darini juu ya mafiga, pamoja na mbegu za mahindi. Hapa Kilolo vitu hukauka huko darini tu. Nje ukungu mpaka saa nne. Kasema kifua kinabana. Nimemwonyesha namba. Kavaa sweta, kaenda shule.

Alhamisi, 11 Julai

280. Kijani, na bado analalamika! Zamu yake ya kuchota maji ikifika, kifua. Binti wa darasa la tano anadeka kama mtoto wa mgongoni. Anjela, dada wa mume wangu, analala naye chumba kimoja. Kaniambia, "Wifi, huyu mtoto hajalala. Kakaa tu kitandani." Nimemfungulia daftari. Hajui hata kukisoma kipimo. Aliyefundishwa kliniki ni mimi. Amenikera.

Jumanne, 16 Julai

275 asubuhi. Kabla ya shule kaanguka njiani na ndoo. Midomo ya kijivu. Anjela kambeba mgongoni mpaka barabarani, tukapata gari la Iringa. Mimi nilibeba kipimo na daftari. Daftari la nini, sijui.

Jumatano, 17 Julai. Hospitali

Yuko hai. Nesi kampulizisha kipimo chao: 140. Chetu, papo hapo: 270. Kakigeuza, kakinusa. Moshi. Kaniuliza nakikausha wapi, nikamwambia. Joto limelegeza springi, kasema; mshale unapanda hata kwa pumzi kidogo.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kliniki walisema kikung'utwe, kikae kwenye kitambaa, mbali na moto. Nilisikia. Nikaona hawajui baridi ya kwetu. Ujuaji wangu huo. Mtoto kaniambia kwa kinywa chake, siku baada ya siku, nami nikaamini plastiki. Najichukia.

Jumapili, 21 Julai

Tumerudi nyumbani. Kipimo kipya kiko mezani. Anjela kaenda kanisani. Sijamwomba radhi, mdomo mzito.

Nimemuuliza Zawadi kifua kinaendeleaje. Kachukua kipimo, kapuliza, kanipa nisome.