Neno Moja Lililombakia Babu

Ifunda, 18 Februari 2024

Yohane,

Umepotelea wapi wewe? Mbalizi siyo Ulaya. Mtu akipanda basi asubuhi, mchana yuko kwangu anakula. Tangu Krismasi natazama kila basi linalosimama hapa barabarani kama mchumba aliyeachwa. Usingekuwa na jina la mkwe wangu ningekutukana vizuri. Haya, kamwene. Hujambo? Mkeo Lea hajambo? Mnakula? Huku tunakula wote isipokuwa babu yako.

Simu nimemrudishia mama yako mdogo, Atuganile, maana ukiwa ndani ya simu unasema "nitakuja, Bibi" halafu inakata. Barua haikati. Anayeandika ni mama Eveline, mke wa mwinjilisti. Nimemwambia aandike kila ninachosema, hata kisichopendeza.

Babu ametoka hospitali mkono wa kulia umelala, mguu umelala, na maneno yote yameondoka. Limebaki moja: dada. Asubuhi dada, jioni dada. Manesi walidhani anamtaka dada yake, wakawa wanambembeleza, "Atakuja, mzee." Sisi hatukujiuliza hata kidogo. Kwa Kihehe dada ni baba, na baba yake ni wewe. Tangu upewe jina la mzee Yohane aliyemzaa, hajakuita kitu kingine.

Na kazi yako unaijua. Msimu wa ulanzi yeye aligema mianzi, lakini hakunywa mpaka wewe uonje kwanza, hata ulipokuwa mdogo wa kulowesha ulimi tu. Sasa na uji ni hivyo hivyo. Kijiko kikifika anafunga mdomo, anatazama mlango, anasema dada. Atuganile, mkamwana wangu anayemuuguza, anamwingizia kwa wizi vijiko viwili vitatu akisinzia. Mtu mzima haishi kwa uji wa kuibiwa.

Njoo uonje, umpe. Sina lingine.

Bibi yako


Mbalizi, 5 Machi 2024

Bibi yangu,

Shikamoo, na ya Babu umfikishie sikioni. Miguu yako vipi na baridi hiyo? Sisi hatujambo, ila kazi imenibana kweli. Usinune.

Habari za Babu nilimweleza mzee Umakant, mwenye duka la vipuri ninakofanya kazi. Akaruka kwenye kiti. "Dada? Mimi ndiye dada hapa!" Kumbe kwa Kigujarati dada ni babu mzaa baba, na wajukuu zake humwita hivyo kutoka jikoni mpaka dukani. Akasema, "Wewe ni dada kule kwenu, mimi ni dada humu ndani, na yule muuza nyanya pale nje ni dada. Mzee wako akiita, tutakwenda wote watatu?" Mgeni wake aliyetoka Kolkata akadakia kwamba kwao dada ni kaka mkubwa. Basi nikaanza kutafuta kwenye simu. Wahungari dada yao ni yaya wa watoto. Wayoruba wa Nigeria, ni mtoto aliyezaliwa na nywele zilizosokotana. Neno dogo hivi, Bibi, na kila mtu ana mtu wake ndani.

Nimerekodi sauti yangu nikimwamkia Babu, nimeituma kwenye simu ya mama mdogo Atuganile. Mwekeeni sikioni kabla ya uji. Pasaka nitakuja.

Mjukuu wako


Ifunda, 9 Aprili 2024

Yohane,

Pasaka imekuja, imekaa, imeondoka. Wewe je? Unaumwa? Kama unaumwa useme, kama huumwi sitaki kusikia.

Sauti yako tulimwekea. Aliitazama simu, kisha akatazama mlango, kwa sababu ana akili, anajua mtu huingilia mlangoni. Ikasema tena na tena "Shikamoo Babu", naye macho kwenye mlango, mpaka betri ikaisha. Uji ukapoa. Machozi yalimtoka jicho la upande mmoja tu, lile lingine halijui kulia tena. Usitume sauti tena nyumbani kwangu.

Na hao Wahungari wako, wana mzee anayekufa kwa njaa na chungu cha uji kipo jikoni? Hawana. Mwambie Umakant nampenda, lakini anyamaze. Mimi sikusoma, sijui neno linatoka wapi. Najua linakokwenda. Linakwenda kwako na wewe huji.

Amekonda. Nikimgeuza kitandani sihitaji mtu wa kunisaidia, na yule alikuwa mwanamume wa kubeba gogo peke yake.

Umekuwa mgumu lini? Nani kakufundisha?

Bibi yako


Mbalizi, 21 Aprili 2024

Bibi,

Shikamoo. Naomba mama Eveline akusomee hii mkiwa wawili tu.

Sijawa mgumu. Lea amelazwa hospitali hapa Mbeya tangu mwisho wa Januari. Ni mimba, Bibi. Mbili zilizotangulia ziliharibika na hamkuambiwa. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba nyumbani kwetu tumbo halitajwi kwa walio mbali mpaka mtoto alie. Nikafunga mdomo, nikasingizia kazi. Daktari amesema asisimame, asiinue hata ndoo. Mama yake hayupo duniani. Asubuhi nampelekea uji, mchana namfulia, jioni namsugua mgongo. Pasaka nilikuwa nimefika stendi na tiketi mkononi, akapiga simu kwamba anatoka damu. Nikarudi mbio.

Nikija kwa Babu namwacha Lea. Nikikaa na Lea namwacha Babu. Sina mwili wa pili.

Pale nje ya wodi hakuna cha kufanya ila kusoma kwenye simu. Nimesoma kwamba wataalamu wanasema neno la namna hii hakuna aliyeliazima kwa mwenzake. Mtoto mchanga huanza kutoa sauti, da, ba, ma, hamwiti mtu, anacheza na mdomo wake tu. Mkubwa aliye karibu ndiye anayesema "ananiita mimi", akaitika. Kule akaitika baba, kule babu, kule yaya. Basi neno likawa la aliyeitika.

Nisamehe. Sijui nifanye nini.

Mjukuu wako


Ifunda, 4 Mei 2024

Mkwe wangu,

Usije. Umesikia? Ukionekana hapa kabla mtoto hajalia nakufukuza na mwiko.

Mjinga wewe. Nilisema walio mbali, sikusema bibi yako. Mimi niko mbali wapi? Mimba mbili mmezizika wawili bila mtu wa kuwashika! Mama Eveline ameweka kalamu chini, analia, nimemwambia alie akimaliza kuandika.

Mwenye basi anakuletea ulezi niliousaga mwenyewe. Mpikie uji mwepesi, asinywe wa moto.

Babu nilijaribu. Nilichukua kikombe chake cha mwanzi, nikaonja mbele yake, nikasema, "Haya, dada ameonja." Alinitazama kwa huruma, Yohane. Mimi ndiye niliyehurumiwa. Akausukuma mkono wangu taratibu kwa ule wake mzima. Miaka yote nimekuwa mke wake, nimekuwa mama wa watoto wake. Kuwa baba yake siwezi.

Kaa huko. Mshike mkeo.

Bibi yako


Mbeya, 2 Juni 2024

Bibi,

Shikamoo. Amelia! Ni wa kike, mdogo kama mkate, yuko kwenye chumba cha joto. Lea anakaa mwenyewe, anacheka kidogo. Daktari anasema tusubiri wiki chache, hatuambii zaidi.

Babu je? Anakula? Nijibu haraka.

Mjukuu wako


Ifunda, 23 Juni 2024

Baba wa binti,

Kamwene, na hongera, na Lea mpe pole yangu yote. Mtoto akipata uzito usimsifie mbele ya watu.

Nimechelewa kujibu kwa kuwa sikujua niseme vipi. Babu yupo. Anakula. Akipewa na Atuganile anakula, akipewa na mimi anakula, mgeni yeyote akishika kijiko mdomo unafunguka. Amenenepa shingo. Mganga wa zahanati amefurahi sana, akanipa mkono.

Lakini haiti tena. Ni tangu siku ile barua yako ya mtoto ilipofika, tukamsomea. Neno lile lilikuwa moja, nalo limekwenda. Mlango hautazami. Nimekaa naye jioni nikamwambia mimi, "Dada. Dada." Anatafuna tu. Nililichukia neno lile, Yohane, na sasa nalitafuta ndani ya nyumba kama kuku aliyepotea.

Mtoto akiruhusiwa, njooni wote. Ukifika usizunguke kusalimia majirani, watakuona baadaye. Mzigo mpe Atuganile. Nawa mikono, ingia, kaa upande wake wa kushoto, ule mzima. Kikombe cha mwanzi nimekiosha, kiko juu ya kabati. Onja kwanza wewe, ndipo umpe. Halafu sema "Naam", kwa sauti, hata kama hajaita.

Bibi yako