Sampuli ya Antsahamaina

Jumatatu, 25 Novemba

Mimi tena! Ripoti ya mafanikio ya mwaka nimetupiwa mimi. Daktari Ralaivao, mkuu wa maabara, kaja na tabasamu lake: "Hanta, hakuna mwingine hapa mwenye subira kama wewe." Sifa za kumbebesha mtu mzigo hizo. Miaka kumi na tisa kwenye maabara ya tauni, leo nimekuwa karani.

Lakini cha kuandika kipo, nisiseme uongo. Vipimo vya vinasaba tunafanya wenyewe sasa, hatupeleki tena ng'ambo. Mafundi wapya sita. Na ile kubwa — sampuli za tauni 412, zote zimejibiwa ndani ya siku tatu. Zote! Waziri anakuja Ijumaa ya wiki ijayo kutupa cheti.



Jumatano, 27 Novemba

Nimehesabu daftari la mapokezi, lile la karatasi. Kujiridhisha tu. 413. Nikahesabu tena kwa rula, mstari kwa mstari. 413.

Kompyuta inasema 412.

Alhamisi, 28 Novemba

Nimeupata mstari wenyewe. Tarehe 14 Septemba. Kituo cha afya cha Antsahamaina. Makohozi. Kipimo cha haraka cha kijijini: tauni. Jina Lalao, mwanamke, miaka 34, amefariki. Aliyepokea — sahihi yangu. Na ule mkia wa madaha ninaouweka mwishoni.

Siku ile umeme ulikatika. Tulihamisha maboksi mbio mbio kutoka friza hadi friza. Sampuli haikuingizwa kwenye kompyuta. Haikupimwa. Mimi! Sina wa kumsingizia.

Usingizi hakuna.

Ijumaa, 29 Novemba

Kichupa kipo. Friza ya tatu, chini kabisa, nyuma ya maboksi ya zamani. Vidole vimekufa ganzi kwa kutafuta.

Nikaenda kwa Ralaivao, nikafunga mlango. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza mgonjwa yuko wapi. Nikamwambia alishakufa kabla sampuli haijafika.

"Basi jibu utampa nani, Hanta?"

Si mtu mbaya huyu. Mwaka jana alilala siku kumi na moja kwenye darasa la shule kijijini, anatibu watu, anakula wali mkavu na maji ya ukoko. Lakini ripoti iko kwa mpiga chapa, na namba imeshafika wizarani. Akajipangusa uso. Akasema nipime, kimya kimya, halafu tutaona.

Tutaona nini?

Jumatatu, 2 Desemba

Vinasaba: hasi. Nikarudia. Hasi!

Hakuwa na tauni. Kipimo cha kijijini kilikosea — hutokea.

Nikakaa kwenye kiti cha maabara, glavu mikononi. Maana najua walimfanya nini. Aliyekufa kwa tauni haingii kaburi la ukoo. Husubiri nje miaka saba, na wengine hawaingii kamwe. Watu waliovaa kama wachomeleaji wanamfukia mbali, bila sanda ya hariri, bila nyimbo. Sisi kila baada ya miaka hufungua kaburi, na tusipowatoa mama zetu na kuwavika sanda mpya tunajiona tumewatupa. Na huyu kabaki huko kwa sababu ya kichupa nilichokisahau mimi.

Nimeiotesha pia kwenye sahani, tuone kama vijidudu vya tauni vitaota. Itasomeka Ijumaa. Ijumaa hiyo hiyo.

Jumanne, 3 Desemba

Mkurugenzi wetu kasema redioni: nchi nzima, hakuna sampuli hata moja iliyokosa jibu. Watu wa maabara wakashangilia, vitumbua vikaletwa. Changu nimekifunga kwenye karatasi. Ralaivao hakuniangalia.

Alhamisi, 5 Desemba

Amekuja.

Nilikuwa napita dirisha la majibu. Zoely, binti wa mapokezi, alikuwa anambembeleza mzee mmoja — si mzee, ni jua na shamba. Kofia ya ukindu kaishika kifuani.

"Baba, jina halipo kwenye kompyuta."

"Tafuta tena, mwanangu. Lalao. Wa Antsahamaina. Nimesikia redioni kila sampuli imejibiwa. Basi nimefuata la mke wangu."

Zoely akanigeukia: "Dada Hanta, msaidie baba wa watu." Ningeweza kupita. Naapa niliwaza kupita.

Nikamtoa nje, tukakaa kwenye benchi. Anaitwa Ramanitra. Kapanda lori la vitunguu siku mbili. Akanionyesha kitambulisho cha mkewe, kakifunga ndani ya leso. Kasema mwezi wa nane mwakani ukoo wa mkewe utafungua kaburi, na sanda zinafumwa tangu sasa, moja kwa kila maiti.

"Ya Lalao hawajaifuma. Kaka zake wanasema ametupwa na Mungu. Binti yangu wanamwita Mtoto wa Panya shuleni. Mimi namwambia: subiri, watu wa mji mkuu watajibu."

Nikamwambia. Si yote. Kwamba sampuli ilichelewa, na kwamba kosa ni langu.

Akakifunga tena kitambulisho kwenye leso. Nilitamani anitukane.

"Ilichelewa," akasema. "Lakini ipo?"

"Ipo, baba. Kesho."

"Miezi mitatu hakuna aliyeniambia kesho."

Nikapanda ofisini kwa Ralaivao. Akasimama. "Kesho? Na Waziri yupo? Mwambie wiki ijayo!" Kisha kwa sauti ya chini: na sahani ikiota je, utamrudishia nini? Na barua ya jibu, ambayo yeye ndiye huitia sahihi, ni sawa na kukiri kwamba tumemdanganya Waziri.

"Ni sawa," nikasema. Sijui nimeipata wapi jeuri hiyo.

Ijumaa, 6 Desemba

Saa moja asubuhi: sahani safi. Hakuna kilichoota. Nimelia mbele ya sahani kama mwendawazimu.

Ralaivao anasema haitoshi, friza ilikaa bila umeme, hata vijidudu vya tauni vingekufa. Nikasema vinasaba haviangalii vilivyo hai na vilivyokufa, na vya Lalao mwenyewe tumevikuta vizima, basi vya tauni vingepotelea wapi? Yeye ndiye aliyenifundisha hayo! Nimeichapa barua. Mistari minne. Lalao wa Antsahamaina hakufa kwa tauni. Ralaivao kaiweka mfukoni mwa koti. Bila sahihi.

Naandika nikiwa ukumbini, mstari wa nyuma. Mvua inapiga bati, anasikika mwenye kipaza sauti tu. Zoely kamwingiza Ramanitra asilowe, kaketi pembeni yangu. Waziri kasoma: mia nne na kumi na mbili kati ya mia nne na kumi na mbili! Makofi. Ramanitra naye kapiga makofi. Mikono ile mikubwa, polepole. Nimeshindwa kumtazama.

Ralaivao kaitwa kupokea cheti. Anapanda. Katuona — kamwona Ramanitra, kofia kifuani. Kasimama hapo hapo kwenye ngazi. Watu wanadhani ni msisimko, wanazidisha makofi.

Yuko kwenye kipaza sauti. Katoa karatasi mbili mfukoni. Moja ni hotuba. Hasomi. Mkurugenzi anakohoa. Ramanitra ananiuliza kwa kunong'ona: "Ndiye huyo mwenye jibu?"

Ralaivao anasema ripoti ina kosa. Kasema kosa! Anasema inapaswa kusomeka mia nne na kumi na tatu, na moja imechelewa siku themanini na tatu, na mwenyewe yumo humu ndani.

Waziri anamgeukia Mkurugenzi. Mkurugenzi anasimama.

Ralaivao kaitandaza ile nyingine mezani, mbele ya Waziri. Anajipapasa mifuko. Anauliza nani ana kalamu. Hakuna anayesogea — hata mmoja!

Ninayo hii tu ninayoandik