Mume Wetu Juu ya Ngazi

Jumatatu, 4 Machi

Mjukuu wangu,

Huna adabu. Salamu utazikuta chini huko, kama zitabaki.

Umemtuma dereva wa kampuni na karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, eti nitie dole gumba tu, Bibi, mkurugenzi ana haraka. Dole gumba, mimi. Mimi niliyekufundisha kuandika jina lako kwa mkaa kwenye sakafu ya jikoni, leo nichovywe kidole kwenye wino kama mwizi? Madarasa machache niliyosoma niliyasoma kweli. Nikamwambia dereva akae, anywe maji, nitafute miwani.

Karatasi inasema ninathibitisha kwamba yule kijana anayechanganya rangi kiwandani kwenu alikuja kwangu kama mchumba wako, kwa hiari yake, akanipakia rangi sebule iwe zawadi. Zawadi gani? Alikuja kwa sababu wewe, bosi wake, ulimtuma siku yake ya kupumzika, na makopo ya kampuni. Mchumba gani akipewa kiti anakaa ukingoni kama anasubiri kuitwa na hakimu?

Kuna nini huko? Niambie kwa mkono wako, si kwa mkono wa karani.

Jicho la kushoto bado lina ukungu, la kulia linanivumilia. Magoti yapo. Wewe hujambo?

Bibi yako


Jumamosi, 9 Machi

Shikamoo Bibi,

Natumaini unaendelea vizuri na magoti yamepunguza hasira. Mimi mzima, ila kazi imenikalia shingoni.

Nisamehe kwa ile karatasi, aliiandika wakili. Ukweli ni huu: yule kijana amenishtaki kwa bodi. Anadai namshikashika, namwita ofisini wenzake wakishaondoka, na kwamba alipokataa nilimtoa maabara ya rangi nikampeleka ghalani kupanga mapipa. Mwanaume mzima, Bibi, na ndevu zake, analia kwamba mwanamke amemgusa. Hata wewe utacheka. Kuna watu wanakitaka kiti changu tangu siku nilipokikalia, na huyu ndiye waliyempata wa kumtanguliza.

Ninachoomba ni kidogo. Si ulimwita "mume wetu" siku ile? Ulimwita, dereva alisikia, na mwenyewe akatabasamu. Sema hivyo tu. Bodi ikiamini alikuwa mtu wa nyumbani, kesi inakufa. La sivyo nafukuzwa mimi, na jina langu litafika kila kampuni kabla yangu.

Haya yakiisha nakuleta huku uondolewe huo mtoto wa jicho. Daktari nimeshaongea naye.

Mjukuu wako, mke mwenzio


Jumanne, 12 Machi

Mke mwenzangu,

Hujambo? Haya, nimeshauliza, sasa tuendelee.

Kweli nilimwita mume wetu. Fundi bomba nilimwita hivyo, msoma mita nilimwita hivyo, na yule muuza mkaa aliyebakiwa na meno mawili ndiye mume wetu mpaka leo. Hiyo si posa. Ni mdomo wangu, na wewe umekulia chini yake.

Lakini umenikumbusha siku ile, na umekosea kunikumbusha. Alikuwa juu ya ngazi anapaka pembe ya dari, brashi mkono huu, kopo mkono ule. Wewe ukaja ukasimama chini, ukasema unashikilia ngazi asianguke. Ngazi hukuishika. Ulishika mguu, halafu mkono ukapanda. Nilikuwa mlangoni na ungo, nachambua mchele. Akaacha kupaka. Rangi ikawa inamchuruzikia mpaka kwenye kiwiko, wala haifuti. Akasema taratibu, kama mtu anayeongea na mbwa asiyemjua:

"Mkurugenzi, naomba nishuke."

Ukacheka. Mimi nami nikadakia, mume wetu, usione haya, huyo haumi. Ndipo akatabasamu.

Tabasamu lile nalijua. Nililiona kwa wasichana niliofanya nao usafi kwenye nyumba za watu, pale baba mwenye nyumba anaposimama katikati ya mlango na wewe una ndoo mkononi. Kwao nililitambua kila mara. Kwa huyu lilinipita kwa sababu lilikuwa na ndevu.

Sasa nijibu kwa neno moja. Ulimsumbua, au hukumsumbua? Habari za jicho ziweke pembeni, sikukuuliza jicho.

Bibi yako


Ijumaa, 15 Machi

Bibi, shikamoo.

Sitaandika mengi. Unajua meneja wa mauzo alikuwa ananipokeaje kila asubuhi nilipoanza kazi hapa? Hujui, sikukuambia. Nilijifunza kusimama mgongo ukiwa umegusa kabati. Wakubwa wote walijua, wakasema msichana huyu mwepesi wa kununa. Sikuandikia bodi yoyote. Nilimeza, nikapanda. Leo niko juu mimi, ghafla kuna malalamiko, kuna vikao, kuna kusikilizwa. Mbona mimi nilichekwa?

Hilo ndilo jibu langu. Kama huwezi kunisaidia, basi nyamaza. Kunyamaza hakukugharimu kitu.

Mjukuu wako


Jumanne, 2 Aprili

Shikamoo Bibi kipenzi,

Hali yako? Sijapata hata mstari mmoja kutoka kwako, na kwa kimya hicho nakushukuru. Yamekwisha.

Bodi ilikaa wiki iliyopita. Wakili alimsimamisha dereva kama shahidi, naye akaeleza jinsi bibi wa mkurugenzi mwenyewe alivyomwita kijana mume wetu, na kijana akafurahi. Bibi, chumba kizima kiliangua kicheko. Mwenyekiti alitoa kitambaa kujifuta machozi. Mmoja akamuuliza kijana kama anaogopa wanawake wote au wale wenye vyeo tu. Alijaribu kuleta mambo ya ngazi, lakini nani angemsikia tena? Wamemfukuza kwa kunichafulia jina, na barua yake imeandikwa hivyo, kwa hiyo kiwanda kingine cha rangi sidhani kitamchukua.

Nasikia hata mkewe amerudi kwa wazazi wake. Hadithi ya mume wetu ilifika nyumbani kabla ya mwenye nyumba. Hayo ni yao.

Daktari anakungoja. Ijumaa dereva atakufuata, funga nguo chache.

Mjukuu wako


Ijumaa, 5 Aprili

Mjukuu wangu,

Hujambo. Mimi si mzima, usijisumbue kuuliza.

Uliona nimekushikia upande wako. Mimi nilikuwa nasubiri neno moja nililokuomba. Nilisema mtoto niliyemlea atalileta mwenyewe, nikae nisimsukume. Kumbe nilipokuwa nimekaa, umechukua mzaha wangu ukaenda kumpigia mtu nao mbele za watu. Na ana mke. Hilo nalo ulilijua uliponiacha nikimwita vile.

Yule meneja wako ameniuma. Ungeniambia, ningekuja na magoti haya haya nimtukane mbele ya wafanyakazi wake mpaka asahau njia ya ofisini. Ningekuamini wewe kabla hujamaliza kusema. Lakini ulimvua uchafu wake ukauvaa wewe, na ulivyokuenea, wala haukukubana kwapa. Unauliza mbona wewe ulichekwa. Nami nakuuliza, aliyechekwa anakwendaje kukodi watu wa kumcheka mwingine?

Dereva anarudi bila mimi. Siponi jicho kwa hela hiyo.

Nimemwandikia mwenyekiti. Nimeandika ngazi, mguu, mkono ulivyopanda, kijana alivyosema, na nilichosema mimi na kwa nini mimi husema hivyo hata kwa muuza mkaa. Anwani nimeinakili kutoka kwenye kopo la rangi lililobaki hapa. Yako hii nimempa dereva. Ile nimeipeleka posta mwenyewe, polepole, na karani akaigonga muhuri mimi naangalia. Acheke tena akishaisoma, kama anaweza. Sitaifuta hata ukija kulala mlangoni kwangu.

Una siku chache kabla haijafika. Kesho asubuhi acha gari la kampuni, acha viatu vya mkutanoni. Nenda kwa wazazi wa yule mke. Mwambie, nao wakisikia, kwamba mumewe hakuwa wa mtu mwingine yeyote, kwamba wewe ndiye uliyemshika naye hakutaka. Usilie, wasije wakaanza kukubembeleza wewe. Wakikufukuza, ondoka. Ukitoka hapo nyoosha kwa mwenyekiti, ukatae kiti, useme yote tena kwa mdomo wako, na umwombe kijana arudishwe maabara. Usiniandikie mpaka uwe umefanya yote mawili.

Bibi yako