Bibi Aliyekatiza Uwanja

Jumamosi usiku, nyumbani Sakina

Na bado nasema lile lilikuwa pigo halali. Neema wangu alibakiza pigo moja tu ili aingie timu ya mkoa, na nusu fainali hii ya besiboli ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Akaupiga mpira chini chini. Binti wa timu pinzani akaukimbilia, mara bibi mmoja akakatiza uwanja na mzigo wa majani ya ng'ombe. Binti akasimama: "Shikamoo bibi!" Mpira ukampita.

Mwalimu aliyekuwa akiandika takwimu za mchezo akaandika kosa la yule binti. Maana yake mpira umepita kwa uzembe wa binti, na mwanangu hahesabiwi pigo! Nilichemka. Sheria hizi nimejisomea mwenyewe, sikufundishwa na mtu.

Kabla sijafika mezani kwake, bibi alikuwa ameshafika.

"Mtoto kaniamkia, mnamwandikia kosa? Liandike langu."

"Bibi, wewe huna timu."

"Basi futa."

Mwalimu akafuta, akampa Neema pigo lake. Neema anaimba huko jikoni mpaka sasa.

Mimi nilikuwa na hoja nne, nzito kabisa. Nimerudi nazo zote nne. Hakuna aliyeniuliza hata moja.