Taa Zetu, Kamera ya Wakwe

Mtaa wa Waswahili,
Rumonge.
9 Septemba 2024

Mpendwa dada yangu Hadjara,

Assalam alaykum, na amani, amahoro ya huku nyumbani, ikufikie huko Lubumbashi. Mguu unaendeleaje? Umeshatolewa plasta, au bado daktari anakukataza kukanyaga? Msikilize, maana nakujua, ukiachwa peke yako utaanza kufagia uwanja. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Asmani mume wangu kikohozi kimemwacha, na samaki wetu wadogo, ndagala, wamerudi sokoni, tunakula hadi tunachoka.

Nimechelewa kuandika, na kwenye simu nilikuwa nakukwepa. Harusi ilipita salama. Sabrina wako yuko kwa mumewe, kule Kabonga, anachekacheka tu. Lakini uliniomba kitu kimoja, kwa kuwa mguu ulikuzuia kuja: picha ya mwanao akitolewa chumbani, uone kwa macho yako ni nani amemshika mkono mahali pako. Dada, picha ile sikuipata. Nilikosa mdomo wa kukuambia.

Ngoja nikueleze. Mtu hawezi kumshika bibi harusi na kumpiga picha kwa wakati mmoja. Mpiga picha ni mimi, basi nikasema shangazi yake Mwasiti amshike mkono, mimi nishike kamera. Sabrina aliendelea kukunja shela yake, nikadhani ameridhika.

Nikasimamisha taa zangu mbili za flashi sebuleni, moja kila upande wa mlango wa chumba. Hazina waya. Juu ya kamera kuna kidude cha redio, ukibonyeza kinaziamuru zimulike. Upande wa bwana harusi nao walikuja na mpiga picha wao kutoka Nyanza-Lac, anaitwa Kabwe, mrefu, mpole, suti imempwaya. Kamera yake Nikon, yangu Canon. Nikajiambia, hizi si za ukoo mmoja, kila mtu na taa zake. Wapi! Kamera ni tofauti, lakini flashi na vidude vyake tulinunua vya kampuni moja, na wote tuliviacha kwenye chaneli ya kwanza, kama vilivyotoka dukani. Kabwe akibonyeza, taa zangu zinamulika. Nikibonyeza mimi, zimechoka, bado zinajaza moto, napata giza.

Nilikasirika, dada, we acha tu! Nikamwambia mbele za watu, "We baba, mbona unaniibia taa?"

Akajibu polepole, "Mama, hata ya kwangu iko inawaka yenyewe. Nilifikiri ni wewe unaichezea."

Wakati huo vigelegele vimeshaanza na mlango umefunguliwa. Nani angeanza kutafuta vitufe vya chaneli?

Sabrina akatoka na shangazi yake. Nikabonyeza, giza. Nikabonyeza tena, giza vilevile. Mtoto akasimama palepale, akafunua shela mwenyewe, akaangaza macho huku na huku. "Mama mdogo uko wapi?" Nami nilikuwa mbele yake kabisa, uso umejificha nyuma ya kamera! Nikaiacha ining'inie shingoni, nikaenda. Mwasiti, Mungu ambariki, akaniachia ule mkono. Nikamtoa mimi mpaka uwanjani, tunalia kama watu waliofiwa.

Tangu siku ile nilikuwa na uchungu. Harusi za watu napiga hadi Kigwena, ya mwanetu ndiyo inanishinda?

Jana Kabwe alikuja Rumonge, akapita kwetu. Nilimwomba radhi kwa ule ukali, tukanywa chai, tukacheka. Amehamia chaneli ya tatu, mimi nimebaki na ya kwanza. Siku tukitaka kusaidiana, tutarudi chaneli moja, kwa kuwa taa hazijali kamera ni ya nani. Kisha akatoa bahasha. "Hii nilipiga mimi," akasema, "lakini taa zilikuwa zenu." Kumbe nilipoacha kubonyeza, flashi zangu zilipata nafasi ya kujaa, zikamtii yeye.

Mwasiti anakusalimu sana. Bi Asma jirani, ambaye hadi leo huniita kwa jina lako kwa jinsi tunavyofanana, anauliza utakuja lini, na mkwe wako Hamidu anasema shikamoo. Mwenyezi Mungu akuponye mguu na akupe hatua nyepesi za kurudi kwetu.

Picha hiyo imo humu. Sikutaka kuituma kwa simu, nilitaka uishike. Mimi nimevurugika, kilemba kimelala upande, kamera imening'inia kifuani, na mkono wa Sabrina uko ndani ya mkono wangu. Nilimpa Asmani aitazame kabla sijafunga bahasha. Akaisogeza karibu na macho, akauliza, "Hadjara alifika saa ngapi?"

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Nadia