Hoja ya Kufunga

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, magoti yakiwa yamepunguza malalamiko na shemeji akiwa amepatana na ile redio yake. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mgongo wangu, ambao siku hizi hunijibu kila ninapoinama.

Baada ya salamu, ninayo heshima kubwa, kwa niaba yangu na kwa niaba ya jiko letu, kukutangazia rasmi kwamba birika la umeme la Kampuni limehama ofisini na sasa linaishi nasi nyumbani. Lilipokelewa mlangoni na wifi yako, likakaguliwa ndani na nje, likasuguliwa mpaka likabadilika rangi, kisha likapewa makao ya kudumu kando ya sinki. Afya yake ni nzuri, ila kifuniko hakishiki.

Najua unavyosoma barua zangu. Unaruka mwanzo kwa sababu umeshaamini kwamba mdogo wako hajawahi kuanza na jambo la maana. Safari hii rudi usome tena. Birika la ofisi halihami mpaka ofisi yenyewe ihame, na ofisi haihami mpaka kuwe na jambo. Nitalieleza tangu mbali kidogo, pamoja na yale unayoyajua, maana shemeji atataka kusomewa na yeye husahau tulipoishia.

Mwambie hivi: kile kiwanda cha vifungo vya nguo, ambako wewe ulikuwa unapanga vifungo kwenye kadi na mimi nikiandika hesabu za stoo, kilipozimwa, mashine ziliuzwa, kiwanja kikauzwa, madeni yakalipwa. Sisi wafanyakazi tukapewa nusu ya kiinua mgongo kwa fedha na nusu kwa hisa. Kampuni yenyewe haikufa. Ilibaki kwenye soko la hisa, kampuni ya umma kamili, yenye mwenyekiti, wanahisa, akiba benki na mfanyakazi mmoja. Mfanyakazi huyo ni mimi, katibu, mhasibu na mfagiaji, katika chumba cha ghorofa ya pili juu ya duka la matairi. Nikimwambia mtu nimetumikia vifungo zaidi ya miaka ishirini, huniangalia mikononi kama anatafuta alama za pingu.

Kazi yangu ilikuwa nini? Hapo ndipo mkaguzi wa hesabu na mimi tulipokuwa tukichoka kila mwaka. Alikuja, akanywa chai, akaniuliza Kampuni inafanya shughuli gani. Nikamjibu kwamba inafanya hesabu. Akauliza hesabu za nini. Nikamwambia za kumlipa yeye. Na ndivyo ilivyokuwa, dada. Tulilipa ada ya soko, ada ya msajili, kodi ya chumba, tangazo la gazetini, mkaguzi, na mshahara wangu ambao wifi yako huuita nauli. Riba ya benki haikufika hata nusu ya hayo, kwa hiyo kila mwaka tulimega ile akiba. Tulikuwa tunatumia fedha ili kujua tumetumia fedha kiasi gani. Mkaguzi naye kila mwaka aliandika sentensi ileile, kwamba kuna shaka kubwa kama Kampuni itaweza kuendelea, akasaini, akatuletea ankara. Na kwenye ubao wa soko, mbele ya jina letu, pale ambapo wenzetu wana bei, sisi tulikuwa na kistari, maana hisa zetu hazikuwa na mnunuzi.

Wewe hukuniuliza lolote juu ya hisa zako. Ulikuwa ukimaliza kusalimia watoto unauliza, “Na Kampuni haijambo?” kama mtu anayemuulizia mgonjwa wa muda mrefu. Nami nikijibu, “Ipo.” Hata mwaka huu, mwenye nyumba alipokwambia anakiuza kile chumba unachopanga cha cherehani, na kwamba ukinunue wewe kwanza au atamuuzia mwingine, hukusema nahitaji fedha zangu. Uliuliza tu, “Na Kampuni haijambo?” Nikasema ipo. Simu ilipokatika, wifi yako akaniambia kwamba hajapata kusikia neno dogo likibeba uongo mkubwa namna hiyo.

Sasa, mwanzoni mwa mwaka huu akatokea mtu. Alikuwa na viatu vyenye ncha na alisema neno “fursa” mara nyingi kiasi kwamba Mwenyekiti, ambaye si mwepesi wa kutania, akawa anamwita Bwana Fursa hata mbele ya uso wake. Alitueleza kwamba vifungo havitaki. Anachotaka ni nafasi yetu kwenye soko la hisa, kwa sababu kuingia pale upya ni mlolongo, na sisi tumeshakaa ndani kama wapangaji waliosahaulika. Tumpe hisa mpya nyingi, awe na tisa katika kila kumi, yeye ataingiza biashara yake. Nilimuuliza biashara gani. Akaeleza kwa muda mrefu, na alipomaliza Mwenyekiti akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeelewa, nikamwambia nilikuwa nataka kumuuliza yeye. Kitu kimoja tu nilikielewa vizuri: ile akiba yetu ya benki ingetumika kulipia ada za ushauri, na mshauri angekuwa kampuni ya Bwana Fursa.

Wakili akasema wanahisa ndio wataamua. Akaandika maazimio mawili ya mkutano mkuu. La kwanza, kumpa Bwana Fursa hizo hisa. La pili, wakimkataa, basi kampuni ifungwe kwa hiari, kinachobaki kigawanywe kwa wenye hisa. Yakatumwa kwa posta, maneno marefu, herufi ndogo. Uliipata bahasha yako, ukanirudishia fomu ya kukupigia kura, na iliyobaki nadhani uliitumia kama wengine wote walivyoitumia, kushikilia mlango.

Mkutano ukafanyika katika ukumbi wa chama cha mafundi bomba, kwa sababu ni rahisi na una viti. Wazee wetu walikuja, dada, ungefurahi! Alikuja Mama Kadi, mwenzako wa meza moja, na sasa anatembelea fimbo ambayo anaitumia zaidi kuonyeshea watu. Alikuja Honi, yule dereva wa lori la kiwanda, na bado anaongea kana kwamba injini inanguruma. Mama Kadi aliponiona na tai alinizunguka mara moja, akasema kumbe hela zake za hisa zimenunua tai. Honi akasema tai yenyewe imeshaisha muda.

Bwana Fursa alikuwa amechelewa. Mwenyekiti akasoma hotuba, hesabu zikapokelewa, mkaguzi akarudia shaka yake kubwa, na mtu bado hajafika. Wazee wakaanza kunusa chai, maana birika, hilihili ninalokueleza, lilikuwa linachemka kwenye meza ya nyuma. Mwenyekiti akaona heri asimamishe mkutano, watu wanywe kwanza, wamsubiri mgeni. Lakini miwani alikuwa ameikunja mfukoni. Akaishika karatasi ya ajenda mbali na uso, akatafuta neno linalofaa, akalipata, akatangaza kwamba sasa anaomba hoja ya kufunga.

Mama Kadi akatoa hoja kabla hajamaliza. Honi akaunga mkono kwa sauti iliyotikisa madirisha. Mwenyekiti akaomba mikono, na ukumbi mzima ukanyoosha, wengine wakiwa wameshasimama na vikombe.

Mimi ndiye ninayeandika muhtasari. Kwenye ajenda ya mezani, niliyoipiga chapa mwenyewe, neno “Kufunga” lilikuwepo mara mbili: kipengele cha sita (b), Kufunga; na kipengele cha saba, Kufunga. Bila kufikiri, kama mashine, nikamuuliza Mwenyekiti ni kufunga namba ngapi. Akavaa miwani, akafuata mstari kwa kidole, akasema kwa uhakika kabisa: namba sita (b).

Wakili aliruka kama aliyekalia pini. Akauliza kama wanaelewa wameamua nini. Honi akamjibu wamefunga mkutano, wanakunywa chai. Wakili akasema hapana, mzee, mmefunga kampuni. Likasikika birika peke yake likipiga mluzi kwa sababu ya kile kifuniko. Kisha kikapanda kicheko, dada, cha watu wazima waliokaa kwenye viti vigumu asubuhi nzima. Mwenyekiti mwenyewe alicheka mpaka akaivua tena miwani.

Wakili akatueleza kwamba kura ile si kura, kwa kuwa watu hawakujua wanapigia nini, na kwamba tunywe chai, kisha turudi tuamue kwa maneno kamili. Lakini hakuna aliyekwenda kwenye chai. Mama Kadi akabaki amesimama, fimbo ikimwelekea wakili. Akasema kwamba alipoambiwa amefunga kampuni alitarajia moyo umlipuke, badala yake amesikia kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Akamuuliza wakili, leo kikigawanywa kilichopo, kila mtu anapata kitu au hapati? Wakili akasema anapata, si kikubwa, lakini anapata. Na mwakani? Mwakani kitakuwa kidogo zaidi. Na tukimpa yule bwana wa fursa? Wakili akasema hapo asingependa kubashiri. Mama Kadi akasema basi aulizwe tena, na safari hii anajua anachofunga.

Tukauliza namba sita (a), ya Bwana Fursa. Ukumbi mzima ukaikataa. Tukauliza namba sita (b), neno kwa neno, wakili akisoma polepole. Mikono ikapanda yote. Mzee Mwenyekiti akatangaza imepita, akajipangusa macho, akasema ameiongoza maiti muda mrefu na leo ameruhusiwa kuizika. Ndipo tukanywa chai.

Bwana Fursa aliingia wakati vikombe vinakusanywa, jasho likimtoka, akauliza kama amekosa sana. Mama Kadi akamwambia kwa upole tumeshafunga. Akasema haina neno, atangoja mkutano ujao. Honi akamletea kiti.

Kwa hiyo, dada, mfilisi ameteuliwa. Usiogope hilo jina kama wifi yako alivyoogopa. Tumefilisiwa bila kufilisika. Ni mama mmoja mtaratibu, ambaye aliniuzia hili birika kwa bei ya haki na kuniandikia stakabadhi. Ameniomba nimsaidie miezi michache kuwatafuta wanahisa waliohama. Amenionyesha hesabu ya mwanzo. Fungu lako halijazi chumba kizima cha cherehani, lakini linatosha malipo ya kwanza ambayo mwenye nyumba aliyataka, nami nimeshampigia, amesema kwa hayo atakungoja. Mwezi ujao yatakufikia. Mimi nikimaliza kwa mfilisi, mwenye duka la matairi pale chini amekwisha kuniita nimwandikie vitabu vyake. Kwa hiyo nimeporomoka ghorofa mbili tu.

Gazetini utasoma kwamba wanahisa, baada ya tafakuri ya kina, walipitisha azimio kwa kauli moja. Mimi ndiye niliyeliandika tangazo hilo, na wakili amesema kila neno ni kweli. Lakini wewe si msomaji wa gazeti, wewe ni dada yangu, na kuna jambo sikumwambia hata Mwenyekiti.

Kila aliyeniuliza kwa nini ajenda iliandikwa “Kufunga” na “Kufunga”, nimemwambia nilikuwa nabana wino wa printa. Wakanisifu kwa uaminifu. Wino ulikuwepo, dada. Niliyafupisha yale maneno makusudi, ili wazee wasilione lile azimio la kufunga kampuni, au wakiliona wadhani ni maneno ya mwisho wa mkutano, lipitwe bila kujadiliwa. Bwana Fursa alikuwa ameniahidi meza kubwa, mshahara unaoitwa mshahara, na cheo cha Meneja wa Mahusiano. Sijui mahusiano ya nani na nani. Lakini mtu wa umri wangu akiitwa meneja kwa mara ya kwanza hupata kizunguzungu. Ile fomu ya uwakilishi uliyonitumia ukisema niweke alama nitakapoona panafaa, nilikuwa nimeshaiweka upande wake. Kwa penseli. Hata woga wangu haukuwa na wino.

Nilitega mtego wa neno moja, akaingia mwenyekiti wangu, akanivuta na mimi. Wazee walipokuwa wanacheka nilikuwa nacheka nao, huku mkono ukitafuta kifutio chini ya meza. Kura ya pili ilipoitishwa, mkono wa kwanza niliouinua ulikuwa wako, kwa ile fomu. Wangu mwenyewe ulichelewa kidogo, na Mama Kadi aliuona ukichelewa, akanielekezea fimbo. Nikauinua. Na alivyosema ndivyo ilivyokuwa, viatu vya kubana. Niliporudi nyumbani nililala mchana mpaka wifi yako akaja kusikiliza kama napumua. Nilipomweleza haya alisema kwamba tangu mwanzo alimtaka mume, hakumtaka meneja, kisha akaniuliza birika liko wapi.

Kama una la kunikemea, nikemee. Nalistahili, nami nitalisoma mara mbili. Ila chumba kinunue.

Msalimie sana shemeji, na radhi kwa urefu wa kusomewa. Wapwa wangu waambie mjomba wao ametoka kifungoni. Wifi yako anakusalimu na anasema kama una kitambaa kigumu kilichobaki, tumpe birika kifuniko.

Ni mimi mdogo wako,
asiyekuwa meneja wa chochote